Unene haujapungua: je, mnara wa kunereka unaweza kusubiri miaka 10?

Swali: Mimi ni msimamizi wa matengenezo katika kiwanda cha spiriti kinachotumia molasi ya miwa. Tuna minara miwili ya kunereka, yote ya chuma cha pua: wa kwanza hupokea molasi iliyochacha, wa pili husafisha spiriti. Mwaka 2021 mkandarasi alipima unene wa ganda akapata milimita 6.0, na mwaka 2025 amepata 6.0 tena. Ametuandikia cheti kinachosema kwamba, kwa kuwa hakuna kulika, minara haina haja ya kufunguliwa hadi ipite miaka 10. Uongozi umefurahi. Je, kipindi hicho ni sahihi?

Jibu: Hapana, ndugu msimamizi, ingawa hiyo miaka 10 mkandarasi wako hakuitunga. Kanuni ya Marekani ya API 510, ambayo wakaguzi wengi wa vyombo vya shinikizo huifuata, inataka ukaguzi wa ndani ufanyike kabla ya kupita nusu ya uhai uliobaki wa chombo au miaka 10, lolote litakalotangulia, na ukaguzi wa nje usizidi miaka 5. Uhai uliobaki hupatikana kwa kuchukua unene uliopimwa, kutoa unene wa chini unaoruhusiwa, kisha kugawanya jibu kwa kasi ya kulika kwa mwaka. Mkandarasi ameweka sifuri mahali pa kasi ya kulika, akapata uhai usio na mwisho, na kwa hiyo akasimama kwenye kikomo cha juu kabisa ambacho kanuni inakiruhusu. Hesabu yake haina kosa. Kosa lake ni kudhani kwamba chuma cha pua huharibika kwa kukonda.

Dhana hii naikuta karibu katika kila ripoti ninayoletewa, na nakiri kwamba uvumilivu wangu juu yake umekwisha. Chuma cha kawaida hukonda, na kifaa cha altrasoniki, kinachopima unene kwa mawimbi ya sauti, hukuonyesha jinsi kinavyokonda. Chuma cha pua cha aina ya 304 hupasuka. Kinahitaji mambo matatu tu: kloridi, ambayo molasi ya miwa inayo kwa wingi, joto linalozidi takriban nyuzi 60, na mvutano ndani ya chuma chenyewe, ambao mafundi huuacha kwenye kila mshono wa kuchomelea. Minara ya spiriti hufanya kazi kati ya nyuzi 78 na 110 hivi, kwa hiyo sharti la joto limetimia kila siku kiwanda kinapowaka. Nyufa zinazotokea huwa nyembamba kama unywele na zenye matawi, na ukuta ulio kando yake hubaki na milimita zake 6.0 kamili. Fundi anapoweka kipimo chake wima juu ya ganda, sauti hushuka sambamba na ufa, hugonga upande wa pili wa ukuta na kurudi bila kuugusa. Namba inayotokea kwenye kioo ni ya kweli, lakini haijibu swali mlilopaswa kuuliza.

Ufa huo pia si lazima uanzie ndani. Maji ya mvua hupenya chini ya bati linalofunika sufi ya kuzuia joto, hasa pale ngazi, majukwaa na shingo za mabomba zinapotokeza, na bati likishakatwa na kuzibwa ovyo mara mbili tatu, halizuii tena chochote. Maji yakikauka juu ya ganda lenye joto, chumvi hubaki, na kila mvua huongeza nyingine. Kwa hiyo waulize waliopima mwaka 2021 na 2025 kama waliondoa sufi, na waliiondoa wapi. Mara nyingi utaambiwa kwamba walipima kwenye vidirisha vilivyoachwa wazi tangu mnara uliposimikwa, yaani kwenye sehemu chache ambazo ni kavu daima. Ondoeni sufi chini ya pete za kuishikilia na kuzunguka shingo za mabomba ya chini, safisheni chuma, kisha mpake kwenye mishono rangi ya kupenya, yaani ile inayoingia ndani ya nyufa na kuzionyesha. Mkiona vidoa vya kahawia vilivyojipanga kwenye mstari kando ya mshono, msivifute kwa brashi na kuendelea na kazi. Hapo ndipo rangi ipakwe kwanza.

Sasa nitaje vipindi. Mnara wa kwanza ufunguliwe kila mwaka, kiwanda kinaposimama baada ya msimu wa miwa. Sababu kubwa ya kuufungua kila mwaka ni trei zake, yaani sahani zilizopangwa ndani ya mnara ambapo mvuke na kimiminika hukutana, ambazo hushika magamba ya salfeti na oksaleti ya kalsiamu pamoja na mabaki ya hamira, na ganda mtalikagua mkiwa humo humo. Mhandisi Henry Kister wa kampuni ya Fluor, aliyechapisha mwaka 2003 uchambuzi wa visa takriban 900 vya minara iliyoshindwa kufanya kazi ipasavyo, alikuta kuziba kukiongoza orodha ya sababu. Kuziba hakungoji tarehe, kwa hiyo tazameni tofauti ya shinikizo kati ya kitako na kilele cha mnara. Trei moja kwa kawaida hupoteza milibari 5 hadi 10. Jumla ikipanda wiki hadi wiki ilhali kiasi mnachoingiza ni kile kile, trei zinaziba, na kuosha kwa soda kaustiki kusingoje mwisho wa msimu.

Mnara wa pili hupokea mvuke uliokwisha kuacha sehemu kubwa ya uchafu na kloridi katika mnara wa kwanza. Ufunguliwe msimu huu ili mpate kumbukumbu ya kuanzia, kisha baada ya miaka 3, na ukikutwa safi mara mbili mfululizo mnaweza kurefusha kipindi kidogo kidogo. Kuufungua kila mwaka bila sababu nako kuna hasara, kwa kuwa trei hukanyagwa na kupinda, boliti hazirudishwi zote, na kila mtu anayeingia humo anaingia mahali ambapo hewa inaweza kukosa oksijeni.

Ukaguzi wa kisheria unaosimamiwa na mamlaka ya usalama mahali pa kazi ni kiwango cha chini tu, na hakuna sheria inayokukataza kukagua mapema zaidi.

Nisemalo hapa linawahusu pia wenye minara mikubwa kuliko yenu. Tarehe 23 Machi 2005, katika kiwanda cha kusafisha mafuta cha BP huko Texas City, Marekani, mnara wa kutenganisha ulijazwa kupita kiasi wakati ukiwashwa upya baada ya kusimamishwa kwa matengenezo, mafuta yakamwagika nje, yakalipuka na kuua watu 15. Ganda halikupasuka. Kipimo cha kina kilikuwa kinasoma vibaya, kioo cha kutazamia kina kilikuwa kichafu kiasi cha kutosomeka, na kengele ya kina cha juu haikulia. Ripoti ya unene peke yake isingegusa hata kimoja kati ya vitu hivyo vitatu, na bado wapo wanaouza ripoti hiyo kwa jina la ukaguzi kamili.

Wapo pia wanaouza skani ya gama kama njia ya kuepuka kufungua mnara kabisa. Skani ni chombo kizuri: chanzo cha mionzi na kipokezi hushushwa pamoja, kila kimoja upande wake wa mnara unaofanya kazi, na mchoro unaotoka huonyesha trei iliyoanguka, iliyofurika au iliyojaa povu. Ufa wa ganda hauonyeshi. Zaidi ya hayo, mchoro huo husomeka vizuri ukilinganishwa na ule uliochukuliwa mnara ukiwa safi, na wanaokuja na ofa ya haraka huwa hawana wa kulinganisha. Kabla ya kumruhusu yeyote kupanda na chanzo cha mionzi, kama mko Tanzania, dai kibali chake kutoka Tume ya Nguvu za Atomiki. Na kabla ya kulipia ripoti yoyote ya unene, dai mchoro unaoonyesha kila sehemu iliyopimwa, kumbukumbu ya jinsi kifaa kilivyosawazishwa siku hiyo, na orodha ya mishono iliyopakwa rangi. Cheti mlichonacho sasa kirudisheni, na mumwombe mkandarasi aeleze kwa maandishi alitafuta nyufa kwa njia gani.