Hesabu Madirisha ya Rota Kabla ya Kupiga Picha ya Enigma

Wiki iliyopita msomaji mmoja, mwanafunzi wa chuo anayeishi Leicester, aliniandikia hivi: "Kaka, picha yako ya Enigma haina hata doa la mng'ao wa kioo. Umewezaje? Katika picha zangu zote najiona mwenyewe." Enigma ni mashine ambayo Wajerumani waliitumia katika Vita vya Pili vya Dunia kugeuza ujumbe kuwa msimbo. Nilianza kumjibu kwa mistari mitatu, nikajikuta nimejaza kurasa, kwa sababu picha anayoisifu haikupatikana katika ziara moja, na suala la kioo aliloniuliza ndilo lililokuwa jepesi kuliko yote.

Mara ya kwanza nilipokwenda Bletchley Park, makumbusho ya Uingereza mahali ambapo wakati wa vita misimbo ya Wajerumani ilivunjwa, nilipanda treni asubuhi katika stesheni ya Euston, London, nikashuka stesheni ya Bletchley ambayo haiko mbali na lango la makumbusho. Nilivaa shati jeupe. Nilipiga zaidi ya picha 200 siku hiyo, na nilipozifungua nyumbani usiku nililiona shati langu limelala juu ya vibonye vya kila mashine, na juu yake taa za dari zimejipanga mstari. Niliumia sana, maana nilikuwa nimeisubiri safari ile kwa miaka.

Kwa hiyo anza na nguo: vaa nyeusi tangu shingoni hadi viganjani. Zima flashi, ambayo kwa kawaida makumbusho huikataza, na hata pale inaporuhusiwa haifai kitu mbele ya kioo. Funga kwenye lenzi kofia laini ya mpira, uisogeze karibu kabisa na kioo, lakini umwombe ruhusa mhudumu kabla ya kukigusa. Pale usipoweza kusogea, simama upande badala ya kusimama mbele moja kwa moja, kisha uzungushe kichujio cha polaraiza taratibu mpaka mng'ao ufifie. Ukisimama mkabala na kioo kichujio hicho hakisaidii chochote, nacho hukuibia mwanga ambao tayari ni haba chumbani humo. Mimi huweka ISO 3200 ili kamera ihisi mwanga zaidi, na tundu la lenzi f/8, kwa sababu mashine ina kina, na kwa tundu lililo wazi zaidi utapata vibonye vikiwa wazi huku rota, yale magurudumu yanayobadili herufi, zikiwa ukungu mtupu. Piga tatu mfululizo huku umeshikilia pumzi. Na vaa nyeusi. Nalirudia hilo kwa sababu najua utalisahau.

Sasa nije kwenye jambo ambalo bado linaniuma. Picha moja ya ziara ile ilinusurika, nami nikaipeleka kwenye maonyesho ya picha yaliyoandaliwa na watu ninaowaheshimu. Chini yake niliandika kwamba hiyo ni mashine ya manowari za chini ya maji, yaani nyambizi, za Ujerumani za mwaka 1943. Mzee mmoja aliyekuja kutazama alisimama mbele yake kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, umehesabu madirisha?" Madirisha ya rota, yale matundu madogo ya kuonea kila rota imesimama wapi, yalikuwa matatu, na ndani yake mlikuwa na namba. Ile ilikuwa mashine ya jeshi la nchi kavu. Kesho yake nilikuta picha imeondolewa ukutani, na hakuna aliyenipigia simu kunieleza. Kuondolewa nilikustahili, lakini kunyamaziwa sikukustahili, na hilo sijalimeza hadi leo.

Hata hivyo, mzee yule alinifungua macho. Tarehe 1 Februari 1942, manowari za Ujerumani zilizokuwa zikiwinda meli katika Atlantiki zilianza kutumia Enigma yenye rota nne, na Bletchley ikawa kama kipofu mbele ya ujumbe wao kwa takriban miezi kumi, huku meli za mizigo zikiendelea kuzamishwa na mabaharia kufa. Usiku wa tarehe 30 Oktoba mwaka huohuo, katika bahari ya Mediterania, mabaharia wa meli ya Uingereza HMS Petard waliingia ndani ya manowari U-559 iliyokuwa ikizama, wakatoa humo vitabu vya msimbo. Anthony Fasson na Colin Grazier walizama nayo. Vitabu walivyovitoa ndivyo vilivyowasaidia wavunjaji wa misimbo kuingia tena katika ujumbe wa manowari mwezi Desemba. Dirisha la nne, nililolichukulia kama urembo, lilikuwa na gharama hiyo, nami niliandika maelezo yangu bila hata kuhesabu.

Ndiyo maana nawaambia vijana wanaonifuata: msiinue kamera kabla hamjaisoma mashine. Madirisha manne mara nyingi ni ya jeshi la majini. Madirisha matatu yenye namba kuanzia 01 hadi 26 mara nyingi ni ya nchi kavu au ya anga, na yenye herufi ni ya majini. Tazama ubao wa plagi ulio mbele, ambao jozi kumi za nyaya zake ziliongeza idadi ya mipangilio kupita kiasi cha akili ya mtu. Tazama vibonye: safu ya juu inaanza kwa QWERTZ, na hakuna kibonye hata kimoja cha tarakimu, kwa kuwa namba ziliandikwa kwa maneno. Ukibahatika kumkuta mhudumu akiionyesha mashine ikifanya kazi, subiri kidole na taa inayoonyesha herufi ya msimbo vikutane katika fremu moja. Herufi iliyobonyezwa haiwezi kuwaka yenyewe, kwa sababu umeme hufika kwenye kirudishi, kipande kinachourudisha kupitia rota, na kurudi kwa njia nyingine, na udhaifu huo Alan Turing, mwanahisabati wa Bletchley, na wenzake waliutumia kuikamata. Picha ya kidole kwenye A na taa nyingine ikiwaka ina hadithi yote ya Enigma ndani yake. Picha nzuri ya kitu usichokielewa ni bahati tu, na bahati hairudi ukiiita.

Ziara ya pili niliifanya miezi minane baadaye, nikiwa nimevaa nyeusi, nikiwa na daftari, na kwa saa nzima sikuitoa kamera mkobani. Siku hiyo nilipiga picha 31 tu. Mchana nilipita pia katika Makumbusho ya Taifa ya Kompyuta, ambayo yako kwenye eneo hilohilo, kuiona Colossus, kompyuta ya wakati wa vita ya kuvunja misimbo, iliyojengwa upya na Tony Sale na wenzake. Huko taabu si kioo, ni ukubwa wa mashine na mwanga mwekundu wa valvu, yaani mirija yake ya kioo ya umeme, na inahitaji makala yake yenyewe.

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, na nikiwa kijana nilipita mara nyingi nje ya shule ya Allidina Visram bila kujua kwamba mwaka 1942, baada ya Wajapani kuishambulia Ceylon (Sri Lanka ya leo), Waingereza walikihamishia humo kituo chao cha kuvunja misimbo ya Japani kutoka Colombo. Safari ijayo ya nyumbani nitakwenda na kamera, ila kwanza nitasoma.

Mwezi uliopita picha ya ziara ya pili ilichaguliwa na klabu yetu kuwa picha ya mwaka, nami najivunia hilo waziwazi. Mzee yule nilimwalika, akaja, akasimama mbele yake kama awali na kuhesabu kwa kidole: moja, mbili, tatu, nne. Kisha akainama kusoma maelezo, ambayo safari hii yana majina ya Fasson na Grazier.