Kadi Zilizotufikisha Sengerema

Juma lililopita nilipokea ujumbe kutoka kwa mdogo wangu mmoja anayeishi Dallas, ambaye kwao ni Magu. Alianza kwa shikamoo, akauliza hali ya ziwa na bei ya sato, kisha akaingia kwenye jambo lenyewe: yeye, mumewe na watoto wao watatu wanataka kuja nyumbani Desemba ijayo, wamesikia kwamba niliwahi kuleta watu wanne kutoka Marekani hadi Sengerema kwa bonasi za kadi za mkopo, na wao tayari wamekwisha kufungua kadi sita katika muda wa miezi minne. Mwishoni, kana kwamba ni jambo dogo, aliongeza kuwa kadi mbili kati ya hizo zina deni ambalo wanalipunguza polepole. Niliisoma sentensi hiyo mara mbili, nikaweka simu mezani, nikatoka nje kuanua nguo ili nisimjibu kwa hasira.

Namjibu hapa kwa sababu najua si yeye peke yake. Kwa msomaji ambaye hajaishi huko, benki za Marekani humvutia mteja mpya wa kadi ya mkopo kwa kumwahidi pointi nyingi endapo atatumia kiasi fulani cha fedha, kwa kawaida katika miezi mitatu ya kwanza, na baadhi ya pointi hizo huweza kuhamishiwa kwenye shirika la ndege zikawa maili za kununulia tiketi. Sisi tuliopo Nyegezi leo, ambao wengi wetu tuna kadi za kutolea fedha zetu wenyewe tu, tunaweza kusoma kwa kujifurahisha.

Mimi niliingia katika mambo haya kwa mguu mbaya. Mwaka 2013, tukiishi Maryland, nilifungua kadi ya benki ambayo sitaitaja, nikitakiwa kutumia dola 3,000 ndani ya miezi mitatu ili nipate bonasi ambayo, pamoja na maili chache nilizokuwa nazo, ingenitosha kuja kumwona baba. Kadi ilifika kwa posta siku kumi baada ya ombi langu kukubaliwa, nami nikaanza kuhesabu miezi yangu mitatu tangu siku nilipofungua bahasha. Nilijiona mjanja sana: nikabakiza manunuzi ya dola 400 kwa ajili ya wiki ya mwisho, kwa sababu bima ya gari ilikuwa inadaiwa wakati huo. Nililipa bima, nikasubiri bonasi, na bonasi haikuja. Nilipopiga simu, kijana aliyenipokea alinieleza kwa upole kwamba muda huhesabiwa tangu akaunti inapoidhinishwa, na kwamba nilikuwa nimechelewa kwa siku nne.

Siku nne. Baba alifariki Februari iliyofuata, nami nilisikiliza mazishi yake kwa simu nikiwa nimekaa ndani ya gari nje ya kazini, mtandao ukikatika kila padri alipoanza sala. Wifi yangu mmoja alisema baadaye, mbele ya watu, kwamba mtu anayehifadhi risiti zote za dukani hawezi kukosa nauli ya kumzika baba yake, ila ni ubahili tu. Sijamjibu mpaka leo. Ninachokiandika hapa huenda ndilo jibu lenyewe.

Kwa hiyo, mdogo wangu, ushauri wangu wa kwanza ni tarehe. Andika siku ombi lilipokubaliwa, hesabu miezi mitatu, kisha ondoa wiki mbili, na uichukulie hiyo kuwa ndiyo siku ya mwisho. Kumbuka pia kwamba ada ya mwaka haihesabiwi katika matumizi yanayotakiwa, wala fedha taslimu unazotoa kwenye mashine kwa kadi ya mkopo hazihesabiwi, na hizo za mwisho huanza kutozwa riba siku hiyo hiyo.

Tulianza upya Desemba 2016, safari hii mimi na mume wangu tukiwa na daftari moja la mistari. Wakati ule shirika la ndege la United lilikuwa linatoza maili 40,000 kwa kila upande kutoka Marekani hadi Tanzania kwa daraja la kawaida, kiti cha mtoto kikiwa na bei ile ile ya mtu mzima, na maili hizo zilikubalika kwenye ndege za Ethiopian kwa kuwa mashirika hayo mawili yamo katika umoja mmoja wa Star Alliance. Watu wanne, kwenda na kurudi, maili 320,000. Niliiandika namba hiyo kwa wino mwekundu kwenye jalada la daftari, na kwa zaidi ya mwaka mzima ndiyo iliyotuongoza.

Kila mmoja wetu alichukua kadi ya Sapphire Preferred ya benki ya Chase, ambayo wakati huo ilitoa pointi 50,000 kwa matumizi ya dola 4,000, na kila mmoja akachukua kadi ya biashara ya benki hiyo hiyo, Ink Preferred, pointi 80,000 kwa matumizi ya dola 5,000, kwa maana mimi nilikuwa nauza vitenge na yeye alikuwa na kazi yake ndogo ya kusafirisha mizigo, na mapato tuliyojaza kwenye fomu yalikuwa ya kweli hata kama yalikuwa madogo. Ukijumlisha pointi za matumizi yenyewe, yaani zile zinazopatikana kwa kila dola unayotumia, tulifika 278,000. Pengo lililobaki lilizibwa na kadi moja ya United yenyewe. Matumizi yote yaliyotakiwa yalikuwa dola 20,000, na hakuna hata dola moja kati ya hizo iliyokwenda kwenye kitu ambacho tusingekinunua: zilikuwa chakula, petroli, bima, ada ya mtoto wa chekechea. Mwezi ambao tulikuwa tumepungukiwa, kamati ya harusi ya Mtanzania mwenzetu ilikuwa inatafuta mtu wa kulipia ukumbi na vyakula. Nilijitolea kulipa kwa kadi yangu, wajumbe wakanikabidhi michango yao taslimu, na jioni ile ile fedha zikaingia benki kulipia kadi. Harusi ya watu ilinifikisha kwetu.

Miezi ya katikati haina hadithi, ni ya kulipa na kusubiri.

Pointi hazikuhamishwa mpaka tulipoona viti vinne vikiwa wazi, kwa sababu zikishakuwa maili hazirudi tena kuwa pointi. Viti vya namna hiyo ni vichache, na familia haiwezi kugawanywa kama dagaa sokoni Kirumba, fungu hili leo na fungu lile kesho. Tulivipata Februari kwa ajili ya safari ya Desemba 2018, kutoka Washington hadi Addis Ababa, kisha Dar es Salaam. Kodi za uwanja tulilipa kwa fedha. Dar hadi Mwanza tulilipa kwa fedha vilevile, na hapo ndipo nilipojifunza kwamba masanduku manane yaliyovuka bahari bila kuulizwa yanaweza kukugharimu sana kwenye ndege ya ndani. Wanaopanga safari kama hii huisahau mara nyingi nauli hiyo ya mwisho. Iwekee akiba mapema.

Daraja la Kigongo–Busisi lilikuwa bado halijajengwa, kwa hiyo tulivuka kwa kivuko cha Kamanga, watoto wangu, wa miaka saba na minne, wakiwa wameng'ang'ania vyuma vya pembeni kwa furaha na hofu. Mama alikuwa ng'ambo tangu asubuhi, amevaa kitenge ambacho nilimtumia mwaka baba alipofariki. Kesho yake tulikwenda makaburini. Wifi alikuja pia, na nilimpa zawadi yake kama wengine wote.

Sasa nirudi kwako, na unisamehe nikisema kwa ukali. Riba ya kadi hizo sasa mara nyingi hupita asilimia 20 kwa mwaka. Deni la dola 3,000 kwa riba ya asilimia 24 linakula dola 60 kila mwezi, na ukilipunguza polepole kwa mwaka mmoja na nusu utakuwa umelipia sehemu kubwa ya tiketi ambayo unajidanganya kuwa ni ya bure. Kadi ya mkopo si mshahara wa pili. Mtu asiyeweza kulipa salio lote kila mwezi hana sababu ya kutafuta bonasi, hata kama mama yake anamlilia kwenye simu kila Jumapili, nami najua kilio hicho kinavyouma. Hilo la kadi sita kwa miezi minne nalo limekufungia milango: Chase inajulikana kwa kuwakatalia waliofungua kadi tano au zaidi, za benki yoyote, katika miezi 24 iliyopita, na American Express, kampuni nyingine ya kadi, kwa kawaida hutoa bonasi mara moja tu maishani kwa kila aina ya kadi. Sisi tuliacha takribani miezi mitatu kati ya ombi na ombi. Tena usinakili hesabu zangu za mwaka 2018, kwa kuwa bei za maili siku hizi hubadilika kufuatana na siku na ndege.

Desemba ijayo sahau. Lipa kadi mbili zile kwanza, usiombe nyingine, na mwambie mama mapema kwamba ni Desemba ya mwaka unaofuata, ili asianze kufuga kuku wa kuwapokea. Kisha niandikie tarehe sita, ile ambayo kila kadi iliidhinishwa na si ile ambayo bahasha ilifika, pamoja na kiasi kilichobaki kutumiwa kwa kila moja, tuone ni bonasi ngapi bado zinaokoleka.