Binti Yangu Mpole Ataweza Kuongoza Askari?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mimi ni mama wa Kitanzania ninayeishi Texas, Marekani. Binti yetu, aliyezaliwa hapa, ameanza mwaka wa kwanza wa chuo kikuu akisomea uhandisi, na amejiunga na mafunzo ya wanafunzi wanaotaka kuwa maofisa wa Jeshi la Nchi Kavu, yale yanayoitwa ROTC. Anaamka alfajiri kwenda kukimbia na wenzake. Tangu utotoni ni mpole mno; hata kuagiza chakula mgahawani alikuwa akimwachia kaka yake. Mjomba wake, aliyetunukiwa kamisheni, yaani cheo cha uofisa, katika chuo cha kijeshi cha Monduli, Tanzania, anasema uofisa haupatikani bwenini. Je, uongozi unafundishwaje huko, na mtoto wa namna hii ataweza? Akibadili mawazo, ataruhusiwa kutoka?

JIBU: Mama, tumeisoma barua yako kwa makini, na tuanze na mjomba, kwa sababu shaka yake ina msingi. Monduli ofisa mwanafunzi huishi kambini, ilhali binti yako anakaa na wanafunzi wa kiraia na huvaa sare siku chache tu za wiki. Wamarekani waliuchagua mfumo huo kwa makusudi, wakitaka sehemu ya maofisa wao wakue miongoni mwa raia. Sheria ya mwaka 1862 iliyovigawia vyuo ardhi ilivitaka vifundishe pia mbinu za kijeshi, sambamba na kilimo na ufundi. Kisha Juni 1916 Rais Woodrow Wilson alitia saini sheria iliyounda ROTC yenyewe.

Kuhusu namna uongozi unavyofundishwa, ni kweli kwamba darasa lipo, lakini kazi kubwa hufanyika kwa zamu. Wa mwaka wa kwanza hujifunza kufuata, wa mwaka wa tatu huongoza, na wa mwaka wa nne hupanga mafunzo ya wadogo zao. Wiki hii mwanafunzi ni kiongozi wa seksheni, yaani kikundi kidogo cha askari, wiki ijayo anarudi kubeba mzigo wake kama askari wa kawaida, akiamriwa na yule aliyekuwa akimwamrisha. Anayewahi kuwadharau wenzake siku ya zamu yake hukumbuka jambo hilo siku ya zamu yao.

Mfikirie binti yako msituni, akiwa amepewa jukumu na saa tatu za kujiandaa. Kanuni anayofundishwa ni kwamba theluthi moja ya muda ni yake ya kupanga, na theluthi mbili ni za walio chini yake, wapate nao kujitayarisha. Anachora ramani chini kwenye udongo: kamba ni mto, mawe ni vilima, jani bichi ni adui. Wenzake wanapiga magoti kuizunguka, naye anawasomea amri yenye sehemu tano zisizobadilika mpangilio, yaani hali ilivyo, jukumu, utekelezaji, ugavi, na ukamanda pamoja na mawasiliano. Hapa ndipo ninapoona matumaini kwa mtoto mpole. Mpangilio huo humpa mtu asiyependa kusemasema mahali pa kuanzia na mahali pa kuishia, na aliyezoea kusikiliza kabla ya kusema mara nyingi huitoa amri fupi na yenye kueleweka.

Nyuma yao anatembea mkufunzi mwenye daftari, ambaye hasemi neno hadi zoezi liishe. Baadaye wote huketi na kuulizana: tulikusudia nini, kimetokea nini, kwa nini, na safari ijayo tufanyeje? Mwanafunzi mdogo kabisa anaruhusiwa kumwambia kiongozi kwamba alisahau kuweka mlinzi upande wa kushoto, na kiongozi anapaswa kusikia bila kujitetea. Kwangu mimi, hilo ndilo somo zito kuliko mengine yote katika miaka hiyo minne. Kipimo kikubwa huja kati ya mwaka wa tatu na wa nne, katika kambi ya Fort Knox, Kentucky, ambako kwa zaidi ya mwezi mmoja mwanafunzi hupimwa akiongoza watu wasiomjua kabisa.

Mfano wa aliyefika mbali kwa njia hii ni Jenerali Colin Powell, mtoto wa wahamiaji kutoka Jamaika. Alipitia mafunzo haya City College ya New York akisomea jiolojia, na alikiri mwenyewe kwamba hakung'ara darasani. Alipata kamisheni mwaka 1958, na mwaka 1989 akawa Mwenyekiti wa Wakuu wa Majeshi ya Marekani.

Kuhusu kutoka: asiye na ufadhili wa jeshi hafungwi na lolote katika miaka miwili ya kwanza, mkataba husainiwa anapoingia mwaka wa tatu. Mwenye ufadhili wa miaka minne hubanwa tangu anapoanza mwaka wa pili. Utumishi wote ni miaka minane, ikijumlisha kazi ya kudumu na utumishi katika jeshi la akiba, na anayepewa kamisheni lazima awe raia wa Marekani, jambo ambalo kwa binti yako aliyezaliwa huko si kikwazo. Kaeni naye msome mkataba huo kifungu kwa kifungu kabla hajaweka sahihi.

Na siku atakapoandika amri yake ya kwanza, ampigie mjomba simu amsomee. Mtu aliyewahi kuamrisha platuni, kikosi chenye seksheni kadhaa, atasikia mara moja mahali maneno yalipopwaya.