Chigongi si taichi: nilivyojifunza kwa kusukumwa

Mabweni ya Nanjing, China, hayana mabomba ya joto kama ya Beijing, na mtu aliyekulia Tanga hilo analijua vizuri ifikapo Januari. Nilianza kwenda kando ya Ziwa Xuanwu alfajiri ili nipashe mwili tu. Mambo ya chi, ile nguvu ya ndani ambayo Wachina husema inazunguka mwilini, sikuwa nayo kabisa.

Huko nikakuta wazee, wengi wao akina mama wastaafu, wakifanya Baduanjin, yaani Vipande Vinane vya Hariri. Ni mojawapo ya chigongi, yaani mazoezi ya Kichina ya pumzi na mwendo wa taratibu, zinazojulikana zaidi. Nikasimama mstari wa nyuma nikawaiga. Kipande cha kwanza unapachanisha vidole na kuinua viganja juu kama unayebeba dari: mikono ikipanda unavuta pumzi, ikishuka unaitoa. Cha mwisho unasimama kwa ncha za vidole vya miguu, kisha unaachia visigino vigonge chini, mara 7. Baada ya mwaka mmoja mgongo ulioumizwa na viti vya maabara ulitulia, nikawa nalala usingizi wa mtoto. Nikaanza kujiona nina nguvu za ndani, na kwamba mtu akinichokoza atajuta.

Hatua chache pembeni lilikuwepo kundi jingine, la taichi, sanaa ya mapigano ya Kichina, wakicheza kusukumana mikono. Mzee mmoja, kichwa chake kinafika begani kwangu, akaniita niweke mkono wangu juu ya wake. Nikatuliza akili, nikaanza kuvuta pumzi polepole kama nilivyozoea. Haijajaa kifuani, tayari nimerudi nyuma hatua tatu na mgongo umeegemea mti. Akacheka. "Wewe unaingoja pumzi," akaniambia, "mimi sikuingoja."

Tofauti yote imo humo. Kwenye chigongi uko peke yako na pumzi ndiyo kiongozi, mwendo unaifuata. Kwenye taichi, na kwenye ndugu zake wa mapigano xingyi na bagua, kuna mtu wa pili, naye hapumui kwa ratiba yako. Kwa hiyo pumzi unaiacha ijiendee, akili inahamia kwenye ngozi: anaegemea wapi, uzito wake uko mguu gani. Nguvu inatoka ardhini, inapita nyonga na mgongo, inatokea mkononi. Hata pozi lenye jina la kishairi kama Kushika Mkia wa Ndege lina kazi nne ndani yake: kukinga kwa kutanuka, kuvuta, kubana na kusukuma. Ukilifanya bila kujua kazi hizo, umefanya mazoezi mazuri ya viungo, basi.

Undugu wa chigongi na sanaa hizi hata hivyo ni wa kweli. Angalia zoezi la kusimama kama nguzo, magoti yamelegea kidogo, mikono kama imekumbatia mtungi. Wote wanalifanya. Wang Xiangzhai, aliyetokea kwenye xingyi, alilifanya uti wa mgongo wa mtindo wake wa Yiquan. Ukipita kwa mbali huwezi kujua huyu ni wa chigongi au wa mapigano. Wa chigongi anaachwa asimame atulie. Yule mwingine mwalimu anamjia, anamsukuma bega, halafu kiuno, anatafuta anapovunjika.

Kilichowafanya watu wadhani chigongi na taichi ni kitu kimoja, nadhani, ni historia ya karibuni. Mazoezi yenyewe ni ya kale: kaburi la Mawangdui, lililofungwa mwaka 168 KK, lilikuwa na kitambaa cha hariri chenye michoro 44 ya watu wakijinyoosha. Lakini jina qigong, ndiyo chigongi yetu, lilienea miaka ya 1950 kupitia kliniki za Liu Guizhen, aliyetibu watu kwa mazoezi hayo. Mwaka 1956 serikali ikatoa taichi fupi ya mikao 24 kwa ajili ya afya ya umma, na ndiyo utakayoiona bustanini leo. Taichi ikawa inafanywa kama chigongi: taratibu, bila mwenza. Sioni kosa hapo, mradi usidanganyike kuwa unajifunza kupigana.

Kama shida yako ni mgongo au usingizi, anza na Baduanjin, robo saa kwa siku. Usibane pumzi, hasa kama una presha, na daktari wako ajue unachofanya. Ukitaka sanaa ya mapigano, tafuta mwalimu atakayekugusa. Mimi nikikutana na anayerusha watu bila kuwagusa, na wanaoanguka ni wanafunzi wake tu, naomba anisukume mimi. Wengi hukumbuka ghafla kwamba wana miadi.

Na magoti, jamani. Nilichechemea miezi miwili kwa sababu nilitaka kushuka chini kama wale wa kwenye video. Goti lielekee kwenye vidole vya mguu, lisianguke ndani, na usishuke zaidi ya pale ambapo bado unaweza kuongea bila kukunja uso.

Siku hizi niko nyumbani. Vipande vinane navifanya barazani kabla jua halijawa kali. Shida ilikuwa mtu wa kusukumana naye, mpaka nikamshawishi shemeji yangu, fundi seremala. Habari za chi hazijui wala hazitaki. Ila mkono wake umeshika randa miaka 20, unasikia ubao unapogoma na unapokubali, na mpaka leo ananitoa kwenye mstari kila Jumapili.