Ukifika Bengaluru, usirudi bila kuiona Hampi

Juzi dada mmoja wa Dodoma ameniandikia. Anamsindikiza mama yake kutibiwa Bengaluru, India, wana siku kadhaa za kusubiri majibu, na wifi yake yupo wa kubaki na mgonjwa. Aende wapi? Jibu langu ni lile lile ninalowapa wote: panda treni ya usiku, nenda Hampi, kwenye magofu ya mji wa kale.

Mimi nilisoma Bengaluru. Likizo ikifika wenzangu wote ni Goa, na niliposema naenda Hampi walinicheka: "Unaacha bahari ukaangalie mawe!" Sitaficha, bado linaniuma. Leo hao hao wananiomba picha.

Mawe hayo ni Vijayanagara, makao makuu ya dola iliyoanza mwaka 1336 ikaitawala India ya kusini. Mwaka 1565 masultani wa Deccan, jirani zake wa kaskazini, waliungana, wakalivunja jeshi lake vitani Talikota, mji ukaporwa na kuhamwa. Hekalu la Virupaksha bado lina waumini wake mpaka leo. Viatu unaacha mlangoni na mchana sakafu inaunguza, kwa hiyo beba soksi.

Ila moyo wangu uko kwenye hekalu la Vittala. Uani pale lipo gari la mawe, lile la kwenye noti ya rupia 50. Kwa mbali utaapa ni jiwe moja. Sogea uone: ni vipande vya itale, maungio yake yamefichwa ndani ya nakshi. Magurudumu yalikuwa yakizunguka kweli. Wageni wakayachezea hadi yakakazwa kwa saruji. Nguzo za ukumbini hutoa sauti zikigongwa, nazo sasa ni marufuku kuzigusa. Na bado nimeona watu wazima wakivizia mlinzi ageuke ili wagonge! Jamani, umesafiri na heshima zako kutoka kwenu, unazivulia wapi? Tuwe na adabu kwenye vitu vya watu.

Treni itakushusha Hosapete. Chukua bajaji hadi Hampi, ni kama kilomita 13, na patana bei kabla hujakaa. Anza Vittala asubuhi kabla jua halijakomaa, kisha tunza tiketi: siku hiyo hiyo inakuingiza pia kwenye jumba la Lotus Mahal. Tiketi ya kurudi, dada, kata kabla hujaondoka Bengaluru. Mabehewa ya kulala hujaa mapema, na mama anakusubiri.