Mkono wa Gia: Bushi Kwanza, Mbwembwe Baadaye

Niliandika kuhusu klachi nikadhani nimepata nafasi ya kupumua. Kumbe nimewachokoza wenye magari ya spoti. Maswali ya safari hii karibu yote ni ya mkono wa gia: kuufupisha, kuubadilisha, kuupamba. Nimechagua machache. Wale mlioandika "gari yangu inasumbua, nisaidie" bila jina la gari, endeleeni kusubiri.

Nina Altezza RS200 ya gia sita. Mkono wa gia unacheza kama mwiko kwenye sufuria, hata gari likiwa ndani ya gia. Nimeona shoti shifta, yaani mkono mfupi wa gia, mtandaoni. Nikifunga hiyo, utatulia? – Msomaji, Area D

Hautatulia. Utakuwa na mwiko mfupi ndani ya sufuria ile ile.

Altezza ziliuzwa Japani kuanzia 1998 hadi 2005, kwa hiyo hata iliyo changa kabisa imeshapita miaka ishirini. Injini unaihudumia, rimu unaziosha kila Jumamosi, lakini ile plastiki iliyo chini ya mkono wa gia nani ameigusa? Mkono huo umekaa juu ya tufe, tufe limekaa kwenye kikombe, na ncha ya chini imevikwa bushi ndogo isiyozidi kizibo cha soda. Kila ukipangua gia, vitu hivyo viwili ndivyo vinavyosuguana. Juzi nilifungua gari la aina yako. Bushi ilitoka vipande vitatu vyenye rangi ya chai ya rangi, ukikiminya kimoja kinamung'unyika kama biskuti iliyolala nje. Mwenye gari alikuwa ameshatenga fedha za mkono mpya. Tulibadilisha plastiki, tukapaka grisi kidogo, akarudi kwake na fedha zake mfukoni.

Halafu kuna vumbi, na sisi wa Dodoma hatuna haja ya kuelezwa vumbi ni nini. Chini ya ile ngozi ya urembo unayoiona ndani kuna mpira unaoziba tundu la giaboksi. Ukipasuka, vumbi linapanda, linakutana na grisi, na mchanganyiko huo ni msasa. Utaweka bushi mpya leo, baada ya miezi michache mkono unacheza tena, kisha utasema fundi ni tapeli. Badilisha mpira na bushi kwa pamoja.

Ukishamaliza hayo na bado unataka mkono mfupi, nunua, sikukatazi. Ila ujue unanunua nini. Mkono wa gia ni mtaimbo. Unapobiringisha jiwe, jiwe la kuegemea likiwa karibu na mzigo, mkono wako unakwenda mbali lakini nguvu ni ndogo. Ukilisogeza mbali na mzigo, mwendo unapungua na jasho linaongezeka. Chukua mkono wenye milimita 200 juu ya tufe na 40 chini yake. Ncha ya chini ikihitaji kusogea milimita 12, kiganja chako kinasafiri 60. Refusha sehemu ya chini iwe 50, kiganja kitasafiri 48. Umepunguza asilimia 20 ya mwendo, na umeongeza asilimia 25 ya nguvu. Hakuna shoti shifta inayokwepa hesabu hiyo, iwe ya laki moja au ya milioni. Kama sasa hivi gia ya pili unaiingiza kwa kukunja uso, utakapofunga mkono mfupi utaiingiza kwa dua.

Gia ngumu. Tatizo nini? – Hakuna jina, hakuna gari, hakuna mahali

Swali hili nimeshalijibu hadi nimechoka. Haya, mara ya mwisho. Zima injini, pitisha gia zote. Zikiingia laini gari likiwa limezimwa, halafu zikawa ngumu likiwashwa, mkono wa gia hauna kosa, klachi yako haiachii. Jaribu hivi: gari limesimama, injini inaunguruma, kanyaga klachi hadi mwisho, hesabu hadi tano, ingiza rivasi. Ikilia, angalia mafuta ya klachi, angalia masta ya juu na ya chini kama zinavuja. Kama ni ngumu wakati wote, imezimwa au imewashwa, rudi kwenye bushi na oili. Mengine nitakujibu ukiniambia unaendesha nini.

Fundi wa mtaani kwetu anasema hakuna haja ya kuagiza, ataukata mkono wa gia katikati, atoe inchi mbili, auchomelee. Bei ni ya soda. Kuna ubaya? – Msomaji, Nkuhungu

Upo, nami ulinikuta mwenyewe.

Miaka ya ujana nilikatisha mkono wa gari langu namna hiyo hiyo. Kwa hesabu ya mtaimbo fundi hakukosea, kwani kufupisha juu au kurefusha chini matokeo yanafanana. Kilichokosewa ni ulehemu. Alichomelea ncha kwa ncha bila kuzichonga, risasi ikashika ngozi tu, ndani chuma na chuma havikuonana. Akapiga rangi nyeusi, ikapendeza.

Nikaondoka na gari kutoka Morogoro jioni. Gairo nikapita, Kibaigwa nikapita. Kati ya Mbande na Chalinze (hii yetu ya Chamwino, si ile ya Pwani) nikapanda tuta la kijiji, nikavuta kutoka ya nne kurudi ya tatu. Mkono ukaja. Wote. Nilibaki nimeushika hewani kama mtu aliyenyanyua kipaza sauti, na gari bado liko gia ya nne. Kutoka pale hadi mjini niliondoka kwa gia ya nne kwenye kila tuta, na mnaijua ile barabara ina matuta mangapi. Nilipofika Nzuguni, ndani ya gari kulikuwa na harufu ya klachi utadhani nachoma kwato. Klachi pleti, presha pleti na rilizi beringi nilinunua wiki hiyo hiyo. Hiyo ndiyo bei ya soda.

Kama lazima ukate, mpelekee fundi kerezo, yule wa mashine ya kuchonga vyuma, si wa mageti. Akate, atengeneze nyuzi za skrubu, aunge kwa kipande cha ndani chenye nyuzi kabla ya kulehemu. Au kata juu tu, pale nyuzi za kichwa zinapoishia, azirefushe kushuka chini, usichomelee kabisa. Na kumbuka kichwa kikishuka, mkono wako nao unashuka, unakuwa mbali na usukani. Kwa mtu mrefu hiyo ni kuinama kila unapopangua.

Nina Mark II GX100 otomatiki. Naweza kufunga shoti shifta? – Msomaji, Kizota

Hapana.

Nataka kubadilisha kichwa cha gia, niweke kile cha chuma kizito. Wauzaji wote wanasema kinaingia gari lolote. Ni kweli? – Msomaji, UDOM

Muuzaji anayesema kinaingia gari lolote anakuuzia na vile viskrubu vitatu vya pembeni vya kubana. Vitakaa wiki mbili, vitalegea, kichwa kitazunguka mkononi.

Nyuzi hazifanani. Toyota na Subaru kwa kawaida ni milimita 12 (unene) kwa hatua ya 1.25 (umbali kati ya uzi na uzi). Nissan, Mazda na Mitsubishi ni 10 kwa 1.25. Honda ni 10 kwa 1.5. Ukilazimisha cha Nissan kwenye Honda kitaingia mizunguko miwili kisha kitakula nyuzi za mkono, na hapo utamtafuta fundi kerezo kwa kosa la elfu ishirini. Wenye Toyota 86 na Subaru BRZ, nyie mna ile pete ya kunyanyua chini ya kichwa ndipo rivasi iingie. Hakikisheni kichwa kipya kinaiachia nafasi ya kupanda, la sivyo mtaegesha kwa kusukuma.

Kuhusu uzito: kichwa kizito kinasaidia kweli. Kikishaanza kwenda kinajisukuma chenyewe, gia inaingia kama imeitwa. Kwa maoni yangu, kati ya mapambo yote mnayonunua, hili ndilo pekee lenye maana kwa bei yake. Kosa lake ni jua. Egesha Mtumba saa sita mchana bila kivuli, rudi saa tisa, kishike kichwa cha chuma. Mimi ninacho, na ninacho kisoksi cha mtoto nilichokivisha. Mcheke tu.

Honda Integra yangu ya DC5, mkono wa gia umelegea kushoto na kulia, mbele na nyuma uko sawa. Fundi anataka kushusha giaboksi. – Dada wa Kisasa

Usimruhusu, dada yangu. Gari lako halina mkono unaoingia moja kwa moja kwenye giaboksi. Linatumia kebo mbili, moja ya kuchagua njia, nyingine ya kuingiza gia. Ukilegea upande mmoja tu, kagua kwanza bushi ya mwisho wa kebo ya kuchagua. Inaonekana ukifungua boneti na kuondoa boksi la chujio la hewa. Kazi ya nusu saa. Fundi anayeanza na kushusha giaboksi kabla hajashika tochi anatafuta kodi ya nyumba.

Na nikiwa hapo hapo: wapo wanaokwenda mbele kidogo, wanauliza kama mauntingi, zile mpira zinazoshikilia injini na giaboksi, zina uhusiano. Zinao. Injini ikicheza kwenye mauntingi zilizokufa, giaboksi nayo inahama pamoja nayo. Ukikanyaga mafuta na mkono wa gia ukasogea wenyewe, usinunue kitu kingine chochote kabla ya mauntingi.

Gia ya pili inalia nikipangua haraka, nyingine ziko salama. Nimeshauriwa niweke oili nzito ya difu ili ipunguze kelele. – Msomaji, Chang'ombe

Aliyekushauri anauza giaboksi za mitumba?

Ndani ya giaboksi kuna ringi za sinkronaiza, nyingi ni za shaba yenye rangi ya dhahabu. Kazi yake ni kukamata gia na kuilazimisha izunguke sawa na shafti kabla meno hayajakutana. Inakamata kwa msuguano. Sasa wewe unataka kuipaka oili nzito iliyotengenezwa kwa meno ya difu. Angalia kopo: oili ya difu kwa kawaida huandikwa GL-5, na giaboksi nyingi za manyuali za Japani zinataka GL-4. Baadhi ya GL-5 zina kemikali za salfa zinazoitafuna shaba, na utelezi wake unaifanya ringi ishindwe kukamata. Soma kitabu cha gari lako. Kikisema 75W-90 GL-4, weka hiyo, iliyofungwa kwenye kopo, si ya kupimiwa kwenye chupa ya maji.

Ila nikuambie ukweli mchungu: gia moja ikilia peke yake, ringi yake imekwisha. Oili sahihi itakupa muda, haitakuponya. Na hapa ndipo ninapowachukia wauza mikono mifupi. Wanauza kasi ya kiganja, lakini ringi haijui kwamba umenunua kifaa kipya. Inahitaji ule muda wake mdogo wa kukamata. Ukiupora, inalia. Mjomba wangu aliendesha malori ya zamani yasiyo na sinkronaiza kati ya Dodoma na Singida: anakanyaga klachi, anatoa gia, anaachia, anapiga mafuta kidogo, anakanyaga tena, anaingiza. Hakuwahi kuliza gia. Jifunze hiyo kwenye ya pili yako huku ukitafuta fedha ya kufungua boksi.

Nikifunga shoti shifta nitamwacha jamaa yangu mwenye Subaru kwenye barabara ya Iringa? – Msomaji, Makole

Utamwacha akilia msibani kwako. Ile barabara ina ng'ombe, ina watoto wa shule, ina tochi za trafiki. Swali lingine.

Mazda Roadster ya zamani. Mkono wa gia una moto, na kelele za giaboksi zinaingia ndani kama nimekaa juu yake. – Msomaji, Ihumwa

Hongera kwa gari, na hongera kwa kuuliza vizuri. Zile za kizazi cha kwanza na cha pili zenye gia tano zina kijungu pale mkono unapoingia, chenye oili yake peke yake, mbali na ile ya giaboksi. Mafundi wengi hawajui, wanabadilisha ya chini tu, kile kijungu kinakauka miaka na miaka. Toa skrubu za bamba, chomoa mkono, vuta uchafu wote kwa bomba la sindano, jaza oili mpya kidogo tu, badilisha mpira mdogo wa chini na ule mkubwa wa juu. Joto na kelele vinapitia kwenye mpira uliopasuka. Kwa kawaida baada ya hapo mtu hakumbuki tena kwamba alitaka shoti shifta, kwa sababu ile ya kiwandani ni fupi tayari.

Bushi za gari langu hazipatikani hapa mjini, na Dar wananiambia nisubiri. Nifanye nini? – Msomaji, Majengo

Chukua ile iliyokufa, hata kama ni vipande, usiitupe. Mpelekee fundi kerezo na kipande cha nailoni nyeupe ngumu, si mpira wa tairi. Mpe na mkono wenyewe wa gia apimie hapo hapo, maana bushi iliyochakaa inadanganya kipimo. Mwambie aache nafasi ndogo sana, mkono uingie kwa kusukumwa na kidole gumba. Ukiingia kwa nyundo, mrudishie.