Dada, naanza kazi saa kumi alfajiri, nifanyeje?

Ujumbe uliingia saa nne usiku nikiwa nimeshalala. Niliuona nilipoamka saa nane na nusu. "Dada shikamoo. Nimepata kazi supamaketi hapa Arusha, ya kupanga bidhaa. Naanza Jumatatu, kuingia ni saa kumi alfajiri. Nina diploma na nyumbani wanasema nimejishusha. Nifanyeje?"

Marahaba, mdogo wangu. Umenikuta katika wiki ambayo siwezi kukujibu kwa mistari miwili. Ijumaa iliyopita nimekabidhiwa funguo za stoo. Ni funguo tatu kwenye pete moja ya chuma, mmoja umefungwa uzi mwekundu ili usichanganywe na mwenzake. Meneja alizitoa mfukoni, akasema kuanzia leo mzigo hauingii wala hautoki bila mimi, akaenda zake. Nilibaki nimesimama katikati ya maboksi ya sabuni nikalia. Kwa hiyo leo nakueleza yote, na wengine wenye vyeti ndani ya bahasha za kaki wasome pia.

Mimi nilisoma ugavi. Nilipomaliza nilizunguka mwaka mmoja na nusu. Njiro nimekwenda, viwandani Unga Limited nimekwenda, ofisi za watalii kuzunguka Mnara wa Saa nimeziingia karibu zote. Kila mahali ni "acha CV yako, tutakupigia". Mama anauza ndizi soko la Kilombero, na kila jioni alikuwa ananiangalia usoni tu, haulizi. Kutouliza kwake kuliniuma kuliko maneno.

Kazi ya kupanga bidhaa ilipopatikana niliikubali siku hiyo hiyo. Wiki iliyofuata tulikuwa kwenye sherehe ya kipaimara ya binamu yangu, na mama mdogo akauliza mbele ya wageni, sahani zikiwa mikononi, "Yaani umesoma miaka yote ile ili ukapange sabuni?" Watu wakacheka. Nimemsamehe, lakini sijasahau, na sioni haja ya kusema nimesahau.

Sasa sikiliza kuhusu kuamka, maana hapo ndipo wengi wanaanguka. Nilianza mwezi wa saba, na anayeijua Arusha anajua baridi ya mwezi wa saba. Nilikuwa nimepanga chumba Kwa Mrombo. Saa tisa usiku vifodi, zile daladala ndogo, hakuna, na msichana hawezi kutembea peke yake kwenye giza lile. Wiki ya kwanza nilichukua boda yeyote niliyemwona, Sh3,000 kila siku, na nusu ya safari nilikuwa nasali. Wiki ya pili dada mmoja wa usafi aliyekuwa anatokea njia hiyo hiyo akaniambia tutafute wa tatu tuchange bajaji ya mtu tunayemjua, mwenye mke na watoto hapo mtaani. Tulilipa Sh1,500 kila mmoja. Yule baba alikuwa anapiga honi mara moja tu, na kama hujatoka anakuja kugonga dirisha. Tafuta mtu wa namna hiyo kabla ya Jumatatu. Usingoje Jumapili usiku.

Na ulale mapema. Nitalirudia hili mpaka ulichoke. Mimi siku ya kwanza nililala saa tano kwa sababu ya kiherehere, nikaamka saa nane, na kufika saa mbili asubuhi nilikuwa naona rafu mbilimbili. Nyumba ya kupanga ina mambo yake: huyu redio, yule watoto, jirani ana baa. Nilitundika khanga mbili dirishani, nikaziba masikio kwa pamba, nikawaambia wapangaji wenzangu kwa heshima kwamba saa mbili usiku mimi nimelala. Wengine walinuna, wakazoea. Simu iweke mbali na mkono. Mwili unachukua kama wiki tatu kukubali, na katika wiki hizo tatu usifanye uamuzi wowote wa kuacha kazi.

Usiende na tumbo tupu pia. Mama alikuwa ananipikia uji wa ulezi jioni, naumimina kwenye chupa ya chai, nakunywa kikombe kimoja kabla ya kutoka na kingine saa moja asubuhi.

Kazi yenyewe watu wanaidharau kwa sababu hawaijui. Ukiingia, duka ni kimya, taa nusu zimewashwa, friji zinanguruma. Mzigo uliopokelewa jana umepangwa stoo. Mnautoa kwa toroli, kila mmoja na upande wake, na milango ikifunguliwa saa mbili rafu ziwe zimejaa na sakafu haina hata kipande cha boksi. Katoni ya maji yenye chupa 12 za lita moja na nusu ni kilo 18. Ukiinama kwa mgongo kuibeba, mwezi hauishi utakuwa unatafuta mtu wa kukukanda. Piga magoti, ibane kifuani, nyanyuka kwa miguu. Kisu cha maboksi usikizamishe. Pitisha ncha juu ya gundi tu. Siku ya pili nilikizamisha nikapasua pakiti nne za sukari zilizokuwa juu ya katoni, na sukari ikimwagika dukani saa kumi na moja alfajiri unaisikia inavyotiririka sakafuni, chembe kwa chembe, na hakuna wa kumsingizia.

Yapo mengine utayafundishwa: sabuni isikae karibu na majani ya chai wala unga kwa sababu vinashika harufu, vizito chini, dawa za kufanyia usafi kamwe zisikae juu ya chakula. Kabla ya kupanga, linganisha namba za mwisho za msimbo (ile mistari myeusi yenye namba chini) ulio kwenye bidhaa na zile za kibandiko cha bei kwenye rafu, maana pakiti ya gramu 250 na ya gramu 500 zinafanana kama mapacha, na mteja akikuta bei tofauti kaunta anamfokea keshia, keshia anakuja kukufokea wewe. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba msimbo unaoanza na 620 umesajiliwa Tanzania na 616 ni Kenya. Hakuna aliyeniambia. Niliuliza.

Lakini jambo lenyewe, mdogo wangu, ni nyuma ya rafu. Kila mtu anaangalia mbele. Msimamizi akipita anaangalia mbele, mteja anaangalia mbele, na wewe ukiwa na haraka utapanga mbele pakapendeza. Cha zamani kinatakiwa kije mbele, kipya kiende nyuma, na ili kufanya hivyo lazima utoe kila kitu kwanza. Inachosha. Mimi sikufanya.

Ilikuwa wiki yangu ya tano, kwenye friji ya maziwa. Lori lilikuwa limechelewa, muda umebana, vidole vimekufa ganzi kwa baridi. Vikopo vipya vya mtindi nikavisukuma mbele ya vya zamani siku tatu mfululizo. Siku ya nne mama mmoja mwenye mtoto mgongoni aliingiza mkono hadi nyuma kabisa (wamama wa Arusha wanajua kuchagua) akatoa kikopo kilichopitwa na tarehe siku mbili. Hakupiga kelele. Alinionyesha tu, akasema, "Mwanangu, hiki ningempa huyu." Mpaka leo nikipanga maziwa naiona ile khanga yake ya bluu.

Kosa lilikuwa langu, nimelikubali. Kilichofuata ndicho sitakikubali. Vilihesabiwa vikopo 34. Bosi wa duka lile alinifokea mbele ya wafanyakazi wote na walinzi, akaniita msomi asiyejua kusoma tarehe, akanipa karatasi nisaini bila kunipa nafasi ya kuisoma. Mwisho wa mwezi nilikuta nimekatwa karibu nusu ya mshahara, zaidi ya thamani ya vile vikopo vyote. Nilirudi kwa mama na hela ambayo haikutosha kodi ya chumba. Nililala siku nzima, sikula.

Yaliyonitokea mimi yasikutokee wewe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema mwajiri akitaka kukukata kwa hasara, lazima akuandikie sababu na kiasi na jinsi alivyokokotoa, akupe nafasi ya kupinga, asikukate zaidi ya hasara halisi, na makato hayo yasizidi robo ya mshahara wako. Robo, siyo nusu. Nililijua hili mwaka mmoja baadaye, kutoka kwa kaka mmoja wa TUICO, chama cha wafanyakazi wa viwanda na biashara, aliyekuja kuongea na wafanyakazi. Sheria hiyo hiyo inahesabu usiku kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, na kila saa unayofanya kazi humo uongezwe angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi wa saa hiyo. Ukiingia saa kumi alfajiri, saa mbili zako za kwanza kila siku ni za usiku. Siku sita ni saa 12 kwa wiki. Ni hela ndogo lakini ni yako. Uliza kwa adabu imeandikwa wapi kwenye karatasi ya mshahara. Wiki isizidi saa 45 bila kulipwa ziada, na ukifanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo unastahili saa moja ya mapumziko. Dai mkataba wa maandishi. Na usisaini karatasi yoyote ambayo hujaisoma, hata kama mtu amesimama kichwani kwako anahema.

Fuatilia na michango yako ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, isomeke kila mwezi. Maduka makubwa yanakuja na kuondoka. Wenyeji wanakumbuka supamaketi ya Shoprite pale kwenye jengo la maduka la TFA, halafu mwaka 2014 Nakumatt wakayachukua maduka ya Shoprite hapa nchini, na leo Nakumatt nayo haipo. Uchumi, supamaketi nyingine, ilifunga maduka yake ya Tanzania mwaka 2015. Waliokuwa wanapanga rafu mle ndani walibaki na michango yao na barua zao za kazi, kama walizitunza.

Baada ya lile tukio nilikaa pale miezi minane zaidi. Sitaisimulia, ilikuwa ni maboksi. Nitakwambia nilichokifanya: kila asubuhi nilianza na nyuma. Nilinunua daftari dogo kwenye duka la Mangi, nikawa naandika bidhaa zinazobakiza siku chini ya 14, nampa msimamizi kabla duka halijafunguliwa, zishushwe bei ziuzwe mapema. Hakuna aliyenituma. Mwanzoni alikuwa analiweka pembeni bila kulitazama. Baadaye akawa ananidai, "Daftari liko wapi?" Alipohamia duka jingine hapa hapa mjini alinipigia simu niende naye, na huko ndiko niliko sasa, na ndiko nilikopewa funguo. Yale niliyosoma darasani kuhusu akiba na mzunguko wa bidhaa niliyaelewa nikiwa nimepiga magoti mbele ya friji ile.

Kwa hiyo ninyi mliosoma, mnaongoja ofisi yenye kiti cha kuzunguka, nawaambia kwa upendo: ingieni. Mnakaa nyumbani miaka mitatu mkilinda heshima ya cheti wakati wazazi wenu wanaamka saa kumi hiyo hiyo kwenda sokoni. Mama yangu ameamka giza hilo hilo kwa miaka zaidi ya ishirini na hakuna aliyemwambia amejishusha. Nilipoanza kutoka naye nyumbani siku nilizolala kwake, yeye na beseni lake, mimi na koti langu, nilimfahamu mama yangu upya. Tulikuwa hatuongei sana. Adhana ilikuwa bado. Tulikuwa tunasikia viatu vyetu tu.

Mdogo wangu, umeniuliza ufanyeje nyumbani wanaposema. Wasalimie, waheshimu, kalale. Mshahara wa kwanza ukitoka, mpelekee mama yako kitu cha kushikika, hata kilo mbili za sukari na kanga. Maneno ya nyumbani yatapungua yenyewe, na yasipopungua utakuwa umechoka mno kuyasikiliza.

Jumapili fua soksi nene mbili na uzikaushe vizuri, kwa sababu sakafu ya stoo ina baridi inayopanda mpaka magotini. Viatu viwe vya kufunika, siyo raba za kuteleza. Kata kucha. Nunua mafuta ya mgando, maboksi yanakausha mikono mpaka inapasuka. Mpigie mtu wa bajaji mchana, umpigie tena jioni. Saa mbili uwe kitandani.

Mimi Jumatatu saa nane na nusu nitakuwa nimeamka. Nitumie ujumbe ukishapanda bajaji, na ukifika mlango wa nyuma nitumie mwingine.